Kitu cha Shekinah Kutazama

Kuku wa plastiki aliingia Kirolirwe akiimba, amefungwa kwa mpira juu ya ndoo tupu za jibini nyuma ya pikipiki ya Édouard. Hakuna aliyemwomba aimbe. Barabara ilikuwa mbovu kiasi kwamba kila shimo lilibonyeza kitufe cha tumboni mwake, naye akaanza upya wimbo wake wa Kichina, tangu Sake hadi mlangoni pa nyumba. Kwenye kila kizuizi askari walicheka, na mmoja alitaka kubaki naye. Édouard alisihi na kubembeleza mpaka akaachiwa, maana kuku huyo alikuwa wa mtoto wake wa kwanza.

"Josiane! Kuya uone. Iko jouet ya bébé. Ba Goma banasema mutoto mwenye anachezea hii anakuwaka na akili."

Josiane akatoka na mtoto kifuani. Alikuwa mama mpya, mwanamke wa kutaka kujua kila kitu kimetengenezwa vipi na kwa nini. Alikuwa ameolewa kutoka Buleusa, upande wa msitu wa Walikale, na katika vilima hivi vya ng'ombe watu walikuwa bado wanamwita "ule wa ku pori" wakidhani hasikii. Alimgeuza kuku huku na huku, akachungulia tumboni mwake, akanusa rangi.

"Anakulaka nini?" aliuliza mama mkwe wake, Dorothée, aliyekuwa anapepeta maharage uani.

"Anakulaka pile, Mama," alijibu Édouard, akimwonyesha betri.

"Basi utamulisha weye. Miye nakulisha weye tayari."

Édouard akacheka, akaingia ndani, akapanda juu ya kitanda na kumfunga kuku kwenye boriti, juu kabisa, watoto wa jirani wasije wakamfikia. Akabonyeza tumbo. Kuku akawaka taa nyekundu na bluu, akaimba kwa sauti ya kutosha kanisa zima. Shekinah, mwenye mwezi mmoja na kidogo, alishtuka mikono yote miwili hewani, akalia mpaka akawa mwekundu. Aliponyonyeshwa na kutulia, wakamlaza tena chali, na safari hii Édouard akawasha taa tupu bila wimbo.

Mtoto hakumtazama kuku. Alitazama kando, kwenye ukuta, pasipo na kitu.

"Shekinah! Huku! Juu!" Édouard alipiga vidole. Akamyumbisha kuku kushoto na kulia. Mtoto akapiga miayo, macho yake yakapita chini ya zile taa zote bila kusimama. Édouard akajaribu tena na tena, huku kicheko kikimpungua usoni, na mwishowe akashuka kitandani.

Dorothée alikuwa amekuja mlangoni na ungo wake. Alitazama muda mrefu bila utani wowote.

"Huyu mutoto," alisema polepole, "iko anaona kweli?"

Hilo neno halikurudi tena lilikotoka.


Mzee Léonard, baba yake Édouard, aliitwa jioni ileile. Pale Kirolirwe hapakuwa na macho ya kuaminika kuliko yake. Ndama akizaliwa katika shamba lolote, hata kwa wenye ng'ombe wengi, mtu hutumwa kwake: akisema huyu atakua, atakua, akisema huyu hana mapafu, mwenye ndama huanza kunoa kisu. Watu walisema hajawahi kukosea, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwakatalia.

Lakini katika ukoo wake kulikuwa na heshima isiyovunjwa kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Mzee haingii chumba anacholala mkamwana. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hasemi naye ana kwa ana. Maneno hupitia kwa mama mkwe, hata kama wote watatu wamekaa kuzunguka sufuria moja. Kwao Buleusa, baba yake Josiane alikuwa akirudi mawindoni anawapokonya binti zake watoto wachanga na kuwaimbia puani, kwa hiyo mwanzoni Josiane alidhani anafanyiwa mchezo. Baadaye alizoea, au alijifunza kunyamaza, ambavyo ukiwa ugenini hufanana.

Basi mzee alisimama kizingitini. Josiane akajifunika kitenge kichwani, akageuza uso. Mtoto alikuwa amelazwa kitandani, na kati ya kitanda na mlango kulikuwa na chumba kizima.

Léonard akanyoosha fimbo yake ndefu ya kuchungia, akaipitisha hewani juu ya kitanda, fyuu, mara mbili. Mtoto hakupepesa. Akavua kofia, akaipunga kwa nguvu. Mtoto akaendelea kutazama ukuta wake.

"Ndama wa juzi," alisema mzee, "ukimupitishia fimbo anafunga macho. Huyu iko na mwezi muzima. Haone."

Josiane alihisi maziwa yakikauka kifuani. "Mama, umuambie Papa pengine iko na usingizi."

"Anasema pengine iko na usingizi," alisema Dorothée.

Mzee, aliyekuwa amesikia vizuri mara ya kwanza, alisubiri mara ya pili imalizike ndipo akajibu. "Umuambie muntu wa usingizi anafungaka macho. Lakini asiogope. Nitaloweka tumbaku. Siku ya posho asubuhi nitamupulizia mu macho na mwanzi. Njo vile nafanyiaka ng'ombe. Ngapi zimepona?"

"Mama," alisema Josiane, "umuambie Papa mutoto haiko ndama."

Ujumbe huo Dorothée hakuufikisha. Hapakuwa na haja. Mzee alivaa kofia, akaizungusha mpaka ikakaa sawa, akaondoka.

Josiane akambeba mtoto. Aliogopa mambo mawili kwa pamoja, na hakujua lipi lilimzidi: kwamba mzee amekosea, na siku hiyo ya posho, Jumamosi, maji ya tumbaku yatayachoma macho mazima, na kwamba mzee hakukosea.


Kesho yake wenzake walikwenda kupalilia, naye akabaki na kazi ya kuosha vyombo vya jibini. Hakuosha. Alikaa kwenye kigoda na Shekinah mapajani, akimtazama kama mtu anayesoma barua ya mkono mbaya.

Nyumba ilikuwa ya mbao, na mbao za Masisi zikishakauka huachana. Jua lilikuwa limepanda, likapenya katika ufa mmoja karibu na kigoda, likachora mstari mweupe kando ya ubao mweusi wa moshi. Shekinah alikuwa ameukazia macho mstari huo. Josiane akamgeuza upande wa pili. Mtoto akahangaika, akazungusha shingo yake laini, akaurudia.

"Kama hauone," Josiane alimuuliza kwa sauti, "unaangalia nini?"

Moyo ulianza kumwenda mbio, lakini hakutaka kuuamini. Moyo wa mama hudanganya. Akainuka, akasogea na mtoto mpaka mwisho wa chumba. Ufa ulikuwa uleule, mwanga uleule. Mtoto hakuutafuta. Akarudi hatua moja. Hapana. Akarudi nyingine, na nyingine, mpaka ubao ukawa karibu kiasi cha kuugusa kwa kiwiko, na hapo macho ya Shekinah yakasimama tena juu ya mwanga.

Kumbe ni mbali. Kitu kikiwa mbali, kwake hakipo.

Akapanda kitandani, akamfungua kuku. Hakumbonyeza tumbo. Alimleta taratibu mpaka usawa wa titi. Shekinah aliyaacha mabawa mekundu, akayaacha manyoya ya kijani, akaenda moja kwa moja kwenye jicho la kuku: doa jeusi katikati ya duara jeupe. Alilitazama kwa makini, midomo imebanwa, kana kwamba ni yeye aliyeitwa kukagua. Josiane akacheka peke yake. Akaligusa lile jicho kwa kidole.

Likang'oka. Lilibaki mkononi mwake, dogo, gumu, la ukubwa wa punje ya haragwe, na Josiane akawaza mahali lilipokuwa linaning'inia tangu jana, juu kabisa ya kinywa cha mtoto aliyelala chali anapiga miayo. Kuku wa Goma alikwenda moja kwa moja uvunguni mwa kitanda.

Lakini alikuwa amemfundisha jambo. Si nyekundu, si taa, si wimbo. Nyeusi na nyeupe. Josiane akatazama kote, na kitu cheupe kilichokuwepo ni kitambaa cha kuchujia jibini, kilichofuliwa na kuanikwa juu ya ndoo. Akachukua kipande cha makaa jikoni. Alichora duara kubwa, na ndani yake duara jingine, na katikati doa. Kitambaa hakina kitu cha kung'oka, hakina ncha, ni kikubwa kuliko kinywa, na kikichafuka kinafuliwa. Alijishangaa kwamba anafikiri hivyo. Mtu anamchagulia mwanawe unga na sabuni. Hakujua kwamba hata cha kutazama huchaguliwa.

Akakishika pale anapoweka uso wake akinyonyesha. Akasubiri. Mtoto hana haraka, ukimharakisha unampoteza. Shekinah akakipata kitambaa. Josiane akakisogeza kushoto, polepole kama mtu anayehamisha uji usimwagike. Macho yakaruka, yakabaki nyuma, yakaruka tena, yakakifikia. Akakirudisha kulia. Yakarudi. Akajaribu haraka: yakapotea. Akajaribu mbali: yakapotea. Akakileta karibu: haya hapa.

"Unaona!" alisema, na machozi yakamtoka. "Unaona, unaona, mama yangu!"

Aliposema hivyo, Shekinah akakiacha kitambaa na maduara yake yote, akapandisha macho mpaka kwenye uso wa mama yake, akabaki huko. Kitambaa kilikuwa kimeshindwa.


"Kitambaa ya fromage!"

Dorothée alikuwa amesimama mlangoni, jembe begani.

"Mama, kuya uone, mutoto iko anaona! Ukiweka karibu, ukienda polepole..."

"Nimeona. Nimeona makaa ku kitambaa ya chakula. Kwenu ku pori munaandikaka ku kitambaa ya chakula?"

"Nitafua, Mama. Lakini uangalie kwanza. Hapa. Karibu."

Dorothée aliegemeza jembe ukutani, akainama, kwa sababu hakuwa mwanamke mbaya na mjukuu alikuwa wake pia. Josiane akakishika kitambaa. Lakini Shekinah alikuwa amefanya kazi asubuhi nzima. Kope zilishuka, zikapanda nusu, zikashuka moja kwa moja.

"Sasa iko anaona usingizi," alisema Dorothée, akachukua kitambaa chake kwenda kukifua mwenyewe.

Jioni Édouard aliona. Mtoto alikuwa ameamka, ameshiba, na Josiane alimwonyesha mumewe kwa uso wake tu, akiusogeza huku na kule. Édouard alipiga kofi la furaha, akataka naye ajaribu, akajaribu, akaangaliwa, akaita "Shekinah wangu!" mpaka mbuzi wa jirani akaitikia. Ilikuwa saa nzuri katika nyumba ile. Kisha Josiane akasema:

"Sasa umuambie Papa."

Édouard akamrudishia mtoto. "Nimuambie nini?"

"Asilete tumbaku."

"Josiane. Miye niende nimuambie Papa amekosea? Papa? Kesho bantu batasema Léonard anakosea mujukuu wake mwenyewe, basi na ndama anabakosea."

"Mutoto atachomeka macho."

"Pengine ataweka kidogo tu. Papa asisikie vibaya."

"Basi aanze na yako," alisema Josiane.

Ijumaa alfajiri Édouard alifunga jibini zake kwenye pikipiki akaenda Goma, na alimuaga mkewe bila kumtazama vizuri. Josiane alimwelewa, na hakumsamehe.


Siku ya posho mzee alikuja mapema. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha bati chenye maji ya rangi ya chai, mwingine mwanzi mwembamba. Harufu ilitangulia. Dorothée alimwekea kigoda uani na kutandika kitenge juu yake, kwa ajili ya kumlaza mtoto.

"Umulete," alisema mzee.

Dorothée akaingia. Josiane alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amemkumbatia Shekinah, na mikono yake haikufunguka.

"Mama, umuambie Papa aingie."

"Aingie wapi?"

"Humu."

"Umeanza wazimu?" Dorothée alinong'ona. "Humu? Baba ya bwana yako?"

"Basi umuulize." Josiane alipandisha sauti, na hapakuwa na ubao ndani ya nyumba ile wa kuizuia. "Umuulize, akienda kuangalia ndama, anasimamaka ku mulango wa kraal? Anapunga kofia kutoka mbali, anarudi kwake?"

"Ndama unamushika kichwa!" alifoka mzee kutoka uani, amekasirika kwa niaba ya kazi yake. "Unakaa chini, unamushika kichwa, unamuangalia mu macho karibu! Nani anaangaliaka ndama ku mulango?"

Kuku halisi, wale wa kula, waliendelea kuparua uani, wao peke yao wasiojua kilichotokea. Mzee Léonard alikuwa amemjibu mkamwana wake moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu. Dorothée alifunika mdomo.

Josiane alijua kwamba mlango ukishafunguka kidogo namna hii, usipoupitia hutaupata tena.

"Basi, Papa," alisema, naye moja kwa moja, "kuya umuangalie sawa ndama."

Kisha wakasikia kikombe kikiwekwa juu ya jiwe. Mzee alifika kizingitini akasimama palepale aliposimama siku ile. Alimtazama mke wake. Pengine alitaka akatazwe. Dorothée akasogea kando kumpisha.

Akavua kofia. Akavua buti za mpira, moja, nyingine, kama anayeingia kanisani. Akavuka chumba, na goti lake moja likalia alipoliweka chini mbele ya kitanda. Josiane alijifunika vizuri, akamlaza mtoto mapajani, uso juu.

"Karibu tena, Papa. Mupaka hapa. Hapa njo naweka uso wangu akinyonya."

Mzee akasogea. Alinuka tumbaku na maziwa ya ng'ombe.

"Usipunge mukono. Usiseme. Ungojee tu."

Wakangoja. Shekinah alikuwa anatazama ukuta. Josiane alimwomba Mungu kimoyomoyo, bila adabu yoyote, kama anavyoombwa mtu wa nyumbani. Mtoto akakunja kipaji. Akapotosha mdomo. Macho yakaanza safari yao ya kuruka na kusimama, yakapita sikio la mzee, yakarudi, yakakuta ndevu nyeupe juu ya ngozi nyeusi, yakapanda nazo, yakafika kwenye macho mawili ya mzee mwenyewe. Hapo yakatua.

Mzee akainamisha kichwa kushoto, taratibu, kama alivyozoea kwa wanyama wenye woga. Macho yakamfuata. Akaenda kulia. Yakamfuata.

"Dorothée," alisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Iko anaangalia."

"Nimesikia."

"Hapana. Iko ananiangalia *miye*."

Dorothée alikwenda nje. Wakasikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba, na kikombe kikigongwa kwenye jiwe kitoke harufu. Aliporudi, mzee alikuwa bado amepiga goti, akienda kushoto na kulia, ulimi umetoka kidogo kama wa mtoto wa shule.

"Nipe," alisema mzee.

Josiane akamtazama mama mkwe wake, maana mtoto alipaswa kupitia mikononi mwake. Dorothée akaificha mikono nyuma ya kitenge, akatazama dari. Basi Josiane akamshika Shekinah vizuri shingoni, akamweka mwenyewe katika mikono ya baba mkwe wake, na vidole vyao vikagusana, na nyumba haikuanguka.

Mzee alikuwa amezaa watoto saba. Kila mmoja alikuwa ameletwa mbele yake akiwa anatembea tayari, na tayari amefundishwa kuinamisha macho mbele ya baba.

"Bale betu," aliuliza bila kugeuka, "bale saba. Nabo balikuwa banaangalia hivi?"

Dorothée alikuwa amengoja swali hili tangu ujana wake, na sasa lilipofika hakulifurahia.

"Bote," alisema. "Bote balikuwa banaangalia. Weye njo ulikuwa ku mulango."

Mzee Léonard aliliteremsha na goti la pili, akaushusha uso wake karibu zaidi.